Upinde Uliopakwa Mafuta

Paukwa!

Nimesema paukwa! Mbona mnaitikia kama watu waliokabwa na kiazi? Haya, pakawa yenu nitajiitikia mwenyewe. Pakawa pakafunuka, kale ikafunuka kama chungu cha wenyewe, na harufu iliyotoka humo haikuwa ya kunde wala ya nyama. Ilikuwa ya hofu. Mwenye moyo wa kuku aende akalale na kuku. Hakuna? Basi sogeeni. Na wewe mwenye kamasi, penga kwanza; sipendi kusimulia huku napigiwa filimbi.

Zamani hizo, kabla babu ya babu yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji juu ya mlima kikiitwa Majabalini. Chini yake nyika, juu yake mbingu, na kati ya hivyo ukungu. Ukungu wa Majabalini haukuwa huu wenu wa kuloanisha nguo. Ulipanda asubuhi kutoka nyikani, ukaingia majumbani bila hodi, na ukinyoosha mkono huoni kidole. Ulikaa mpaka jua likasirike, ndipo ukaondoka.

Watu wa Majabalini walikuwa watu wa upinde. Lakini vita viliisha, amani ikaja, ikakaa, ikanenepa. Mafundi wa pinde wakafa mmoja mmoja, na vijana wakajifunza kucheza ngoma na kusifiana vifua.

Pinde zenyewe hazikutupwa. Sikilizeni desturi yao. Mume akifa, mjane wake aliulegeza upote, ile kamba ya upinde, akautundika upinde darini juu ya meko. Kila mavuno aliushusha, akaupaka mafuta ya mbarika, akamtaja marehemu kwa jina na kumpasha habari za nyumbani: nani kaoa, nani kafilisika, mbuzi gani kafa. Waliamini upinde ni ngozi ya mwenyewe. Ukikauka, naye huko aliko anakauka.

Katika kijiji hicho alikuwako mke kijana, jina lake Mkawasi, msukaji wa vikapu mwenye vidole vyepesi. Mumewe aliitwa Righa. Walikaa nyumba moja na mama yake Righa, Bibi Wawuda, mjane wa Mwasaru. Na huyo Mwasaru, enzi zake, hapakuwa na mtu mlimani aliyeweza kuuvuta upinde wake. Bibi Wawuda aliupaka mafuta upinde ule si kila mavuno tu. Aliupaka akifurahi, aliupaka akiudhika, aliupaka akikosa usingizi. Uling'aa kama utosi wa mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Basi ndipo akaja yule simba jike.

Wa kwanza kuchukuliwa alikuwa ng'ombe kiongozi, aliyevaa kengele ya chuma shingoni. Wengine husema mchawi ndiye aliyemvisha simba kengele ile. Mimi nasema aliingiza kichwa ndani ya ukanda wa kengele alipokuwa anatafuna shingo, akatoka nao. Uchawi ni wa nini pale ambapo ulafi unatosha? Tangu siku hiyo, kila ukungu ulipopanda, kengele ilipanda nao.

Ko-lo. Ko-lo. Ko-lo.

Mkawasi aliisikia mara ya kwanza akiwa chemchemini na wenzake. Wakacheka, wakasema, "Ng'ombe wetu karudi!" Mwenzao mmoja akaweka mtungi chini, akaenda kumpokea. Ko-lo, ko-lo. Kisha kimya. Mkawasi alisikia mtungi ukipinduka. Hakusikia kingine chochote, hata ukelele.

Kuanzia hapo wanawake wakawa na msemo wao: ukiisikia, shukuru, ikinyamaza, omba. Maana ikilia, anatembea. Ikinyamaza, amejikunyata, na anakutazama wewe.

Wanaume wakaingia ukunguni na mikuki. Mkuki, wajukuu zangu, unataka umwone unayemchoma, na ukimwona karibu kiasi hicho, ujue yeye alikuona kitambo. Walirudi wachache kuliko walivyokwenda, na waliorudi hawakutaka kusimulia.

Mkutano ukaitwa uwanjani, mchana, jua likiwaka. Kituri, kijana mmoja mwenye kifua kikubwa na mdomo mkubwa zaidi, akaja na upinde wa babu yake begani.

"Tunamwogopa paka?" akasema. "Babu yangu kwa upinde huu alimwangusha nyati. Tazameni!"

Akatia upote mpya, akauvuta mpaka sikioni. Mkawasi aliusikia mti ukilia, mlio mwembamba kama wa panya mtegoni. Kisha paa! Upinde ukakatika vipande viwili, kimoja kikampasua shavu.

Hakuna aliyecheka. Maana huko chini, kwenye kivuli cha korongo ambako ukungu haukuwa umeisha, kengele iliitika. Ko-lo. Mara moja tu, kama mtu anayekohoa ili mjue yupo.

Wakamwita Maghanga, mjomba wake Mkawasi, fundi wa mwisho aliyebaki, mzee aliyenuna tangu tumboni. Akaokota kipande cha upinde, akakinusa.

"Nani alikuwa anaupaka huu?"

"Bibi yangu," Kituri akasema, damu inamchuruzika.

"Alimpenda babu yako?"

"Sana."

"Inaonekana. Juu laini, ndani mkavu kama kinyesi cha mbuzi. Moto wa meko umeunyonya kati, nyinyi mnapaka juu. Pinde zenu zote ziko hivi."

"Basi tukate mti mpya, mzee."

"Kata. Mti mbichi ukiuvuta leo, kesho umelala kama mkia wa mbwa. Uache ukauke misimu miwili, na umwombe simba akusubiri."

Mama mmoja akauliza, "Kwa hiyo tufanye nini? Tukae tuliwe kwa zamu?"

"Hizi hizi zitafaa," Maghanga akasema, "zikitiwa mgongo mwingine. Leteni kano za ng'ombe, zile ndefu za kwenye uti wa mgongo. Leteni ngozi tupike gundi. Leteni majivu mengi. Na nileteeni Mkawasi, mimi mikono yangu inatetemeka kama ndevu za beberu."

"Mwanamke kijana ashike upinde?" wazee wakaguna. "Mwenye ruhusa ni mjane peke yake."

"Mkisubiri kidogo," akasema Maghanga, "watakuwa wajane wote."

Kazi ikaanza. Mkawasi aliketi kwenye kibanda cha mjomba wake, akafundishwa. Ufa ulitafutwa kwa ukucha, si kwa jicho. Ulipopatikana ulijazwa gundi na kufungwa kwa ukanda wa ngozi mbichi, ambayo ikikauka hubana kuliko koo la bahili. Kano zilipondwa kwa jiwe mpaka zikachambuka nyuzi nyuzi kama nywele za mzee. Nyuzi zilichovywa kwenye gundi ya moto, zikalazwa mgongoni mwa upinde, upande ule unaomtazama adui, moja juu ya nyingine, kama unavyoezeka nyumba.

Lakini kabla ya yote hayo, jivu. Jivu, kisha kukwangua, kisha jivu tena, mpaka mti utoke mweupe.

"Gundi na mafuta ni wake wenza," Maghanga akamwambia. "Hawakai nyumba moja. Ukiacha mafuta kidogo tu, kano zitashika leo zikudanganye, na siku ya kuvutwa kwa nguvu zitabanduka. Hapo mwenye upinde ataachwa na kijiti mkononi."

"Na akiachwa na kijiti mbele ya simba, mjomba?"

"Unauliza swali au unataka kulia? Kwangua."

Mkawasi akakwangua. Alijua anakwangua kwa ajili ya nani. Wazee walikuwa wameshaamua: kwenye pengo la majabali, njia pekee ya kupandia kijijini, Righa ndiye atakayesimama mbele, kwa sababu ni mwana wa Mwasaru na upinde wa Mwasaru ndio wenye nguvu kuliko zote. Kila uzi aliolaza kwenye pinde za watu, moyoni alikuwa anaulaza kwenye ule mmoja.

Upinde huo ulikuja wa mwisho. Bibi Wawuda aliuleta mwenyewe, ameukumbatia kama mgonjwa. Alipoona jivu limepakwa na kisu cha kukwangulia kinashuka, akapiga yowe.

"Unamvua mume wangu nguo mbele za watu!"

"Mama, ni mti," akasema Mkawasi.

"Mti ni wa kwenu! Mimi nampaka huyu tangu Righa hajaanza kutembea. Sijamwacha akauke hata siku moja. Leo mkaza mwana amkune majivu kama sufuria?"

"Mama, nikiacha mafuta, Righa atakufa."

Bibi Wawuda akamtazama. Akasema taratibu, "Fanya basi. Lakini yeye huko aliko anasikia baridi."

Mkawasi akafanya. Aliosha, akakwangua, akaosha, mpaka upinde wa Mwasaru ukawa mweupe kama mfupa. Akauweka kivulini ukauke, akaenda kupika gundi. Aliporudi alimkuta mama mkwe ameketi kando yake, mikono ameificha ndani ya shuka. Harufu ya mbarika ilikuwepo, lakini ilikuwepo kila mahali: kwenye mikono yake mwenyewe, kwenye nguo, kwenye kisu. Kazi ile yote ilinuka mbarika. Akalaza kano.

Mnaguna? Gunieni tumboni. Yeye hakuwa ameketi hapa mnapoketi nyinyi mkijua hadithi inakwenda wapi.

Gundi haikauki kwa kulialia. Walingoja, na walipokuwa wakingoja, mchunga mbuzi mmoja hakurudi, kisha na aliyekwenda kumtafuta hakurudi. Watu wakaanza kuchota maji kwa kufungana kamba viunoni. Mtoto akiangusha kijiko, mama yake anashika kifua.

Pinde zikajaribiwa. Kituri na shavu lake lililoshonwa akavuta wa kwake, wa mjomba wake marehemu, ukashika. Wengine wakavuta, zikashika. Upinde wa Mwasaru ulivutwa nusu tu, ukashika.

"Huu bado mbichi," Maghanga akasema. "Uacheni ukomae."

"Mjomba, angalia nje," akasema Righa.

Nje palikuwa peupe. Ukungu ulikuwa umefika kizingitini. Righa akachukua podo la mishale ya sumu, akamgusa mkewe bega, akatoka na wenzake. Alipopiga hatua chache alikuwa kivuli, kisha hakuwa kitu.

Mkawasi akarudi nyumbani, akafunga mlango kwa gogo. Yeye na mama mkwe wakaketi. Kwa mbali, chini kabisa, ikaanza.

Ko-lo. Ko-lo.

"Anapanda," Mkawasi akasema. Akalisukuma gogo lizidi kubana.

Bibi Wawuda alikuwa ametulia kama mtu aliyeshiba. "Usiogope, mwanangu. Baba Righa yuko na mwanawe. Hakwenda na ngozi kavu."

"Unasema nini, mama?"

"Nilimpaka. Ulipokwenda kupika gundi. Kidogo tu, kwa kiganja, kisha nikampangusa vizuri usione. Ningemwachaje aende vitani amepauka kama mtu asiye na mke?"

Wajukuu zangu, Mkawasi hakupiga kelele. Alisema neno moja, polepole.

"Umemuua."

Akatoa gogo mlangoni, akatoka.

Ukungu ukammeza. Hakuona mguu wake. Alishika ukuta wa mawe unaoteremka kuelekea pengoni, akawa anaufuata kwa kiganja kama kipofu, na mbele yake, chini kidogo, kengele ilikuwa inapanda kumlaki. Ko-lo. Ko-lo. Kila aliposhuka, yenyewe ilipanda. Akajiambia, inalia, shukuru, inalia, shukuru.

Ikanyamaza.

Akasimama. Ukuta ulikuwa umekwisha, kiganja kilishika hewa. Alisikia pumzi, akajaribu kujua kama ni zake. Akaziba mdomo wake kwa mkono. Pumzi ziliendelea.

Harufu ikamfikia, ya nyama iliyolala juani. Kila kitu mwilini mwake kilimwambia kaa, jikunje, uwe jiwe. Lakini alimwona Righa kwa macho ya moyo, anavuta upinde mpaka sikioni, kano zinainuka, mshale unaanguka miguuni pake kama kijiti cha kuchokonolea meno.

"Righaaa!" akapiga ukelele. "Usivute! Una mafuta! Usivute!"

Akakimbia. Nyuma yake kengele ilipigwa mara moja, ko, kama iliyogonga jiwe. Mkono ukamdaka nywele, ukamvuta juu ya jabali. Alikuwa Kituri.

"Kichaa wee! Ningekupiga mshale!"

Righa alikuwepo, mshale tayari kwenye upote. Mkawasi akamnyang'anya upinde, akatia ukucha kwenye ncha, chini ya kano alizozilaza kwa mikono yake. Zikainuka. Zikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, nzima, mpaka katikati. Chini yake mti ulikuwa unang'aa mafuta.

Righa akatazama, akaketi chini bila kupenda.

"Tuna pinde nyingine," Kituri akanong'ona, "lakini yuko wapi? Mimi sioni hata ncha ya mshale wangu. Nipige wapi?"

Kengele ilikuwa kimya. Amejikunyata. Labda kushoto. Labda chini ya jabali lenyewe walilosimama, anahesabu miguu yao. Kijana mmoja akaanza kulia bila sauti.

Ndipo wakasikia fimbo. Tak, tak, njiani, chini ya jabali, inapita pengo, inakwenda upande wa nje. Na sauti ya kizee ikipiga makelele kama anayefukuza kuku shambani.

"Mwasaru! Mwasaru, unanisikia? Njoo umwone mkeo alivyo mpumbavu! Nimekupaka mafuta ukateleza! Na wewe mwenye kengele, mla wana wa watu, umejificha wapi? Unaogopa kikongwe? Mimi ni ngozi na mifupa, lakini ulimi ninao, njoo uuonje!"

"Mama!" Righa akaruka. Mkawasi akamshika shuka kwa mikono miwili.

Ko.

Ko-lo.

Kolokolokolokolo!

"Huyo!" Kituri akasema. Wakavuta wote, mpaka masikioni, wakaifuata kengele kwa masikio yao. Pinde zililia, hazikukatika. Mishale ikaingia weupeni. Wakasikia kishindo, na ngurumo iliyotikisa jabali tumboni mwake, na sauti ya Bibi Wawuda ikakatwa katikati ya tusi.

Kengele ikaenda kidogo. Ko... lo. Ko...

Kimya.

Na mnajua ikinyamaza maana yake nini. Sumu haiui papo hapo. Amekufa? Au amejikunyata? Hakuna aliyethubutu kushuka. Righa alilia, akauma shuka, Mkawasi akamkalia miguu kabisa. Walikaa juu ya jabali lile wakiutazama weupe mtupu, na kila mmoja alisikia kengele mahali pake, huyu kulia, huyu nyuma, huyu ndani ya kichwa chake.

Jua likakasirika. Ukungu ukaanza kuchanika.

Simba jike alikuwa amelala njiani, karibu nao kuliko walivyodhani. Mishale miwili ubavuni. Hakulala kama kitu kilichoanguka. Alilala kifudifudi, miguu ya mbele amenyoosha, kichwa juu yake, macho wazi yanatazama jabali, na kwa kidevu ameikandamiza kengele isilie. Alikufa akiwangoja.

Nyuma yake, kwenye nyasi, alikuwepo Bibi Wawuda. Bega lake halikuwa bega tena. Lakini alipumua, na Mkawasi alipomwinamia alifumbua jicho moja.

"Upinde uko wapi?" akauliza.

Alipona, naam. Vizee vya namna hiyo haviliwi kirahisi. Mkono mmoja ulikufa ukining'inia, na kijijini wengine walimsifu, wengine walimlaani, na wote walikuwa na haki. Siku alipoweza kuketi, aliomba majivu na kisu cha kukwangulia. Mkawasi akauleta upinde wa Mwasaru, akaushika ncha moja, kwa kuwa mwenzake alikuwa na mkono mmoja. Bibi Wawuda akakwangua. Alikwangua tangu asubuhi mpaka kivuli kikageuka, akaosha kwa jivu, akakwangua tena. Hakumtaja marehemu kwa jina. Upinde ulipotoka mweupe, akaupitisha shavuni kuona kama umekauka.

"Sasa laza kano," akasema. "Mimi nitakuwa nje. Usiniite mpaka umalize."

Akatoka, akaketi uani, mkono wake mzima akaukalia.

Ndiyo maana watu wa mlima ule, tangu hapo, hutundika upinde wa marehemu mbali na meko, mkavu, umefungwa kano. Mjane akitaka kupaka mafuta, hupaka kigingi unaponing'inia. Anamtaja mumewe, anampa habari zote, kigingi kinang'aa, na upinde unabaki upinde.

Mnanitazama mkidhani nitasema kupenda ni kubaya. Sikusema hivyo. Kuna mapenzi ya mafuta na kuna mapenzi ya jivu. Ya mafuta yanamfurahisha mpakaji. Ya jivu yanauma, yanachafua kucha, wala hupewi asante. Lakini siku ukungu ukiingia, ni hayo ya jivu yatakayoshika.

Basi. Kisa nimekilegeza upote, nimekitundika. Atakayekishusha kesho asikipake chumvi wala sukari, akichukue kikavu kama kilivyo. Nyanyukeni. Na wewe uliyekuwa unauliza ile kengele ilikwenda wapi: ile iliyofungwa shingoni mwa beberu wangu, uliwahi kuniuliza nimeipata wapi?

Nendeni.